Breketi Tuliyoifunga Mimi na Wewe

Mtani wangu Mhina,

Sianzi kwa shikamoo. Hata ungenizidi miaka ishirini nisingekupa, maana shikamoo ya Msambaa kwa Mzigua ni kupoteza pumzi bure. Najua ndivyo ungetaka nianze, na nimeanza hivyo, ingawa karatasi yenyewe nimeichana kwenye daftari la mwanangu.

Leo ni siku ya thelathini na tatu tangu tukulaze. Mvua za vuli zimepita hapa zikiwa na haraka, zikaenda kunyesha kwetu Vugiri ambako hawazihitaji. Sabuni haijaonekana dukani, tunafulia majani ya mpapai. Kuku wa mkeo wamehamia kibandani mwako, wanatagia juu ya mivukuto ya kupulizia mkaa. Watu bado wanaleta baiskeli. Wanafika mlangoni wakiwa wamesahau, wanasimama, wanakumbuka, wanageuka wakizikokota. Juzi nilijitia ufundi, nikaziba mpira wa baiskeli ya mwalimu. Alifika kisimani tu, upepo ukaisha. Alirudi akiisukuma, akaniambia kwa upole, "Mzee Yohana, kwani marehemu hakukuachia chochote?" Nilicheka naye. Alipoondoka niliingia ndani, nikakaa kwenye kigoda chako, nikalia kama mtoto aliyenyimwa uji.

Siku ya mazishi nilikuaibisha. Mzigua akifa, mtani wake Msambaa ndiye mwenye ruhusa ya vituko. Azuie jeneza njiani, ashuke kaburini ajilaze, aseme hazikwi mtu hapa mpaka nipewe jogoo, amseme marehemu mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Watu walinisubiri. Shemeji zako waliniachia hata njia. Nilifika ukingoni nikiwa nimeshika spana kubwa, nia yangu niitie kaburini niseme uende nayo ukafunge nati za huko.  Badala yake nilisimama pale kama mti wa simu, mpaka shehe akasema, "Basi, tuendelee." Nimesikia wanasema Msambaa ameishiwa maneno. Hapana. Nilikuwa na neno moja tu, na halikuwa la utani, nalo liliziba mlango wa mengine yote. Ndilo linalonifanya nikuandikie.

Lakini kwanza niache nikumbuke vizuri, maana raha ya kukumbuka na wewe nimeikosa mwezi mzima.

Nilishuka kwetu milimani kwa miguu, nikatokea Manundu pale Korogwe nikiwa na viazi mgongoni na kichwa kimejaa sifa za magari. Wewe ulikuwa umelala chini ya lori, miguu tu ndiyo ilikuwa nje. Nilisalimia ile miguu. Ikajibu, "Kabila gani wewe?" Nikasema Msambaa. Ikasema, "Nilijua. Umesimama mguu mmoja umepinda. Huku ni tambarare, nyoosha." Sikuwa nimekuona uso na tayari ulikuwa umenitukana. Nikajua nimefika nyumbani.

Mwaka wa Uhuru unaukumbuka. Ile pikapu ya kijani ya shamba la mkonge ilikuwa bado inang'aa. Tuliifunga matawi ya minazi mbele na nyuma, tukapakia wapiga ngoma, mimi usukanini, wewe umesimama nyuma unashikilia bodi na kuimba kwa sauti yako mbaya. Tulizunguka Korogwe nzima mpaka injini ikachemka. Ulifungua rejeta ukiwa umejifunga kitenge cha mtu kichwani, mvuke ukakurukia, ukasema hata gari linapumua uhuru. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Harusi yangu inakuja ya pili, na Eliza anajua.

Halafu vijiji vya Ujamaa vikaja. Kwenu Handeni watu wakakusanywa mahali pamoja, nawe ukarudi kwa kuwa ni ardhi ya babu zako. Mimi nikakufuata kwa kuwa kijiji kilipewa ile ile pikapu, sasa imezeeka, na kilitaka dereva. Kule Vugiri ndugu zangu walikwisha kugawana migomba ya baba, fungu langu wakalisahau. Nilifika na mke na godoro. Ulinionyesha kiwanja changu, ukasema, "Hapa mvua tunaisikia redioni, usije ukalia." Ukanisaidia kusimamisha nguzo.

Sasa ile breketi.

Nilipiga korongo la kwanza baada ya njia panda ya mtoni, ile siku nilipotoka kupeleka wagonjwa Handeni. Kitu kikalia chini, gari likainama bega la kulia, tairi likaanza kusugua bodi. Nililileta polepole mpaka kibandani kwako. Uliingia chini na kipande cha kioo, ukakaa huko muda mrefu. Ulipotoka ulisema, "Springi ni nzima. Breketi inayoishika kwenye chasisi imepasuka." Nikauliza kama haiwezi kwenda hivyo hivyo mpaka tupate nyingine. Nakumbuka jibu lako neno kwa neno: "Springi ni mguu, breketi ndiyo nyonga. Mtu aliyeteguka nyonga anatembea, lakini usimtwishe mzigo."

Mzigo ulikuwepo. Mahindi ya shamba la kijiji yalikuwa yamekwisha kupukuchuliwa, magunia yamejaa ghala na nje ya ghala, na wingu lilikuwa linakusanyika. Madukani Korogwe walituambia spea ya gari lile haijaletwa tangu mwaka juzi. Tanga wakasema tusubiri. Ukasema wingu halisubiri Tanga.

Chuma tulikipata kwenye shamba la mkonge, kipande cha bapa kilichokuwa kinaunga reli za vile vitoroli vya kubebea majani. Nyapara alitupa kwa moyo mweupe, alikukumbuka kwa sauti yako ya Uhuru. Tulilipandisha gari kwa jeki, tukaliwekea magogo chini ya chasisi, tukatoa gurudumu, tukafungua springi. Ribiti zilizobana breketi ya zamani tulizikata kwa patasi, zamu kwa zamu, wewe ukishika na mimi nikipiga, kisha mimi nikishika na wewe ukipiga, na kila ulipopiga ulinikumbusha kwamba vidole vya Wasambaa vinaota tena. Ulikaanga kile chuma kwenye mkaa mpaka kikawa chekundu. Ukakikunja juu ya fuawe mara moja tu, bila kurudia, kikakaa kama kilizaliwa hivyo. Nilikutazama nikajisema, huyu mtu Mungu alimpa mikono akasahau kumpa sauti.

Kazi ya kupima uliniachia mimi. Futi yako ya chuma ilikuwa imekatika, imebaki inchi tisa. Tukatumia uzi wa katani, kama wanavyofanya mashambani kote. Ulisema, "Anzia pini ya nyuma, njoo mbele mpaka tundu la breketi ya kushoto iliyo nzima. Funga fundo. Kisha hamisha kulia, fundo linapoishia ndipo pa kutoboa. Pima pande zote mbili kwa wakati mmoja." Nilikuitikia. Nikapima kushoto alasiri, nikafunga fundo. Halafu Eliza akaniita, alikuwa na mimba ya miezi saba na tumbo linamsumbua. Nikautundika uzi kwenye kioo cha nje cha gari, nikaenda. Manyunyu ya kwanza yakaanguka mpaka alfajiri. Asubuhi niliuchukua uzi ukiwa unachuruzika maji, nikapima kulia, nikaweka alama, ukatoboa pale nilipokuonyesha.

Nani katika nchi hii ya mkonge hajui kwamba katani ikinywa maji hujikunja ikawa fupi? Wanawake wanajua kwa kamba za kuanikia nguo. Wachungaji wanajua kwa kamba za mbuzi. Mimi nilijua. Nilikuwa na mawazo ya tumbo la Eliza, nikasahau, na gurudumu la kulia likakaa nyuma ya mwenzake kwa unene wa kidole.

Nililijaribu gari hapa kijijini. Usukani ulivutia kulia kidogo. Nikajiambia ni tairi. Uliniuliza, "Inakwenda?" Nikajibu, "Inakwenda." Neno moja hilo, Mhina, kama ningeweza kulimeza leo ningelimeza na mate yake.

Mengine unayajua. Kabla ya kufika Segera, kwenye ule mteremko, gari lilijaa magunia, likanivuta, nikalikaza kushoto, likanivuta tena, tukaishia mtaroni upande wa kulia magurudumu yakiangalia juu. Mimi nilichubuka kiwiko tu. Mahindi yalitapakaa mpaka barabarani, na kabla hatujapata watu wa kuyazoa, ile mvua iliyokuwa inatutisha wiki nzima ikashuka. Yale ya mtaroni na yale yaliyobaki nje ya ghala bila gari, jasho la kijiji kizima, yakaota ukungu. Mvua ilipokatika niliutoa ule uzi kwenye kisanduku cha gari ambako ulikuwa umekauka. Nikapima kushoto. Fundo likafika. Nikapima kulia. Fundo likapita. Nilijua saa ile ile.

Mkutano ulikuwa Ijumaa baada ya sala. Mwenyekiti alisema hataki maneno mengi, anataka kujua kosa ni la dereva au la fundi. Mzee mmoja aliyekaa mbele akasema kama ni la dereva, basi apewe godoro lake arudi milimani kwao. Watu waliitikia. Walikuwa na haki, walikuwa wamelima wakiwa na njaa. Sikuwa nimezungumza na wewe tangu ajali. Nilisimama. Nilivua kofia. Nikasema, "Kosa ni langu. Nilipima kwa kamba mbichi, na usukani uliponivuta nikanyamaza."

Sikuwa nimefunga mdomo vizuri, wewe ukaangua kicheko. Kile chako cha kutoka tumboni, cha kupiga mapaja. Ukasimama ukawageukia watu, "Jamani mwawaona Wasambaa kwa kupenda vya watu? Alikula ugali wangu, akachukua kiwanja cha babu yangu, leo hata kosa langu analitaka!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Mama mmoja alicheka mpaka akamwachia mwenzake mtoto. Mwenyekiti alijifuta machozi kwa karatasi ya ajenda. Maneno yangu yakawa utani, na nani atamwamini mtani? Wakati wanacheka wewe ukakunja uso, ukasema kwa sauti ya kawaida, "Breketi nimeikunja mimi, nimeitoboa mimi, nimeifunga mimi. Kosa ni la fundi."

Nilibaki nimesimama. Mtani, hapa sitanii. Nafasi ya kusema mara ya pili ilikuwepo, ilikuwa ndefu kama mwaka. Nilimwona Eliza amesimama dirishani ameshika kiuno. Nikavaa kofia, nikakaa.

Wakakuondoa kwenye gari la kijiji. Halikuletwa tena kibandani kwako hata kwa kujazwa upepo, likawa linapelekwa Korogwe. Kwanza watu wakaacha kukuita Fundi, wakakuita Mhina. Baadaye ulipoota mvi wakakuita Mzee Mhina. Ukabaki na baiskeli na mipini ya majembe. Mimi nikaendelea kupita mbele yako na pikapu, na kila nilipopita uliinua nyundo ukapiga kelele, "Msambaa, tambarare hiyo, usiogope!" Nami nikajibu kwa honi. Jioni tukala pamoja. Ulimbeba mwanangu kabla sijambeba mimi. Ile habari hatukuigusa hata siku moja. Nilijiambia kwamba hukuniamini, kwamba nawe ulidhani natania, kwa hiyo mimi nilikwisha kusema na mzigo si wangu tena. Nimeishi ndani ya kicheko chako kama panya ndani ya ghala, na nilinenepa. Walinifanya hata mjumbe wa halmashauri ya kijiji.

Basi siku ya mazishi akasimama kijana wa ofisini na karatasi, akasoma maisha yako. Alikuwa mkulima hodari, alisema. Mkulima! Wewe uliyepanda mahindi ukavuna nyani. Nusu ya magari yaliyopita Korogwe kabla ya vijiji yalitembea kwa mikono yako, na hakuna aliyesema fundi. Yule kijana hana kosa, alipopata akili alikuta unaziba mipira. Niliyekuwa na kosa nilikuwa ukingoni nimeshika spana.

Jumapili iliyopita nilitoka kanisani nikaenda kwako. Mkeo yuko eda, kwa hiyo nilikaa barazani nikazungumza kupitia pazia, na binti yako Mwanaidi akawa ndani pamoja naye. Nikamweleza mkeo yote, uzi, mvua, usukani. Nilimwomba asicheke. Hakucheka.  Kisha akasema, "Mtani, kwani ulidhani Mhina hajui katani ikiloa inafanyaje? Alikwenda Segera siku ile ile ya ajali kwa baiskeli, akapima mwenyewe."

Nikamuuliza, basi alicheka nini.

Akasema, "Alicheka ili ukae chini. Alirudi hapa hakula. Nilimgombeza, nikamwambia umejivunjia jina. Akaniambia, 'Ningechelewa kucheka wangemwamini. Mimi hawawezi kunifukuza kwenye makaburi ya babu zangu. Yeye ana mke mwenye mimba, na hana hata kaburi moja hapa.'"

 Mwanaidi alinitolea maji, nikanawia uso. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba nilikudanganya. Kumbe miaka yote ulikuwa unanitazama nikipita na gari, unaniinulia nyundo, unajua. Ningekukuta hai ningekupiga, Mhina, halafu ningekubusu mikono. Ulikuwa na haki gani ya kunichukulia kosa langu? Hata Mzigua hana haki hiyo.

Ulisema sina kaburi hapa. Sasa ninalo.

Wiki ijayo ni arobaini yako. Mchele Eliza amekwisha kuupepeta, na nimetoa beberu, usiseme ni mdogo. Dua ikiisha watanipa nafasi, kwa sababu mtani ndiye hufungua vinywa vya watu baada ya msiba, na safari hii watataka niwalipe yale ya kaburini. Nitasimama. Nitavua kofia. Nitawaambia habari ya kamba mbichi tangu mwanzo, na kwamba breketi ile aliikunja fundi ambaye hakukosea hata unywele, na kwamba nataka jina lake lisomwe pale upya, Fundi Mhina. Wakitaka ufunguo wa gari, nitakuwa nao mfukoni. Wakitaka kiti changu cha halmashauri, kina kunguni, wakichukue. Eliza nimemweleza. Akasema nivae shati safi.

Lala, Mhina. Pumzika na sauti yako mbaya. Mkeo hatakosa kuni wala maji nikiwa na miguu, na Mwanaidi akiolewa nitaendesha mimi. Nakuahidi sitakaa chini mpaka nimemaliza. Ninaogopa tu kwamba wataanza kutabasamu nikifungua mdomo, kama walivyozoea. Lakini nitaendelea, na watanyamaza mmoja mmoja, kwa kuwa safari hii hupo wewe wa kuanza kucheka.

Mtani wako,
Yohana